"Sijaigusa" si hoja

Jana nimeisikia tena. Kijana kaleta picha ya watu waliopanga foleni nje ya zahanati, nimemuuliza maswali mawili matatu, naye akanijibu kama mtu aliyefunga mjadala: "Lakini sijaigusa. Imetoka hivyo hivyo kwenye kamera." Maneno haya nimeyasikia kwa wanagenzi, nimeyasikia kwa wakongwe, na wasomaji wanatuandikia kila wiki wakiuliza kama picha fulani imechakachuliwa, kana kwamba hilo ndilo swali pekee. Leo nayajibu kwa kirefu, maana imani iliyo nyuma yake imeiharibia kazi yetu ya picha za habari kuliko Photoshop, programu ya kuhariri picha.

Imani yenyewe ni kwamba kamera ni shahidi na kompyuta ndiyo mwongo. Ukikaa mbali na programu ya kuhariri, basi umekuwa mkweli.

Mwaka 1855, vitani Crimea, mpigapicha Mwingereza Roger Fenton alipiga bonde moja mara mbili kutoka mahali pale pale. Katika picha moja makombora ya mizinga yamelala mtaroni na barabara iko tupu. Katika nyingine yametapakaa barabarani. Waliokuja kulinganisha vijiwe vidogo vilivyoteleza mlimani kati ya picha hizo mbili walifikia kwamba barabara tupu ndiyo iliyotangulia, yaani makombora yalifika barabarani baadaye. Miaka minane baadaye, Gettysburg, Marekani, mpigapicha Alexander Gardner na wenzake walihamisha maiti ya askari, wakailaza katikati ya mawe na kuegemeza bunduki ukutani. Negativu hizo hazikuguswa. Kilichoguswa ni dunia iliyokuwa mbele ya lenzi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Kuna mfululizo wa picha nilioupokea baada ya mafuriko. Fremu iliyochaguliwa ilikuwa na kiatu cha mtoto kimesimama juu ya ngazi ya mlango, ncha ikitazama kamera, nyuma chumba kimejaa tope. Mwanga mzuri, nyuma kumefifia, kiatu kwenye theluthi ya kushoto. Picha ya ukurasa wa mbele. Nikaikuza. Upande mmoja wa kiatu tope lilikuwa limekauka kwa mstari ulionyooka kutoka kisigino hadi kwenye kamba. Upande wa pili ulikuwa safi. Kiatu kinachokaukiwa na tope kikiwa kimesimama huwa na mstari unaozunguka soli. Hiki kilikaukia ubavu. Nikaomba fremu zote. Katika ya kwanza kiatu kipo, kimelala ubavu chini ya beseni karibu na ukuta. Dakika nne baadaye, kwa mujibu wa saa iliyo kwenye metadata, taarifa ambazo kamera huzihifadhi ndani ya faili, kiko kwenye ngazi.

Mpigapicha alinijibu kwamba kiatu kilikuwemo humo humo ndani na hakukileta kutoka kwingine. Ni kweli. Na pikseli zote zilikuwa salama. Lakini msomaji angeiamini picha ile kwamba maji yalipoondoka yalikiacha kiatu pale, na maji hayakufanya hivyo. Hatukuichapisha. Iliniuma, maana ilikuwa picha bora kuliko zote za siku ile.

Kanuni ya theluthi, mistari inayoongoza jicho, fremu ndani ya fremu: hayo yanafundishika mchana mmoja, sitayarudia. Lisilofundishwa vya kutosha ni kwamba katika picha za habari mpangilio unatoka miguuni mwako. Kiatu kimejificha chini ya beseni? Piga magoti. Lala kwenye tope kama inabidi. Subiri mwanga uzunguke. Kama bado haipatikani, basi siku hiyo hukuipata.

Tukija kwenye lenzi. Aprili 2020, wapigapicha wawili wa wakala wa Ritzau Scanpix wa Denmark walipiga watu wale wale, mahali pale pale, kwa lenzi pana, inayoonyesha eneo kubwa, na kwa lenzi ndefu, inayovuta vya mbali, kuonyesha jinsi umbali kati ya watu unavyobadilika machoni. Kwenye lenzi ndefu watu wamebanana; kwenye lenzi pana wameachana vizuri. Watu wengi husema lenzi ndefu "inabana". Kinachobana hasa ni umbali wako. Ukisimama mita 50 mbali, mtu aliye mita mbili nyuma ya mwenzake anaonekana karibu na ukubwa ule ule, na jicho linawaweka pamoja. Lenzi ndefu inakukatia tu kipande hicho na kukijaza kwenye fremu. Kwa hiyo unapochagua pa kusimama, tayari umesema jambo kuhusu msongamano.

Hata hiyo "hivyo hivyo kwenye kamera" haipo. Faili ghafi (RAW) bado halijawa picha. Ni data za mwanga zinazosubiri kutafsiriwa. JPEG, faili la picha la kawaida, ni tafsiri iliyofanywa na kamera: imechagua rangi, ukali na kina cha weusi. Novemba 2015 Reuters iliwaambia wapigapicha wake wa kujitegemea wasilete tena picha zilizotengenezwa kutoka faili ghafi, walete JPEG za asili. Naelewa sababu, na huenda ningetoa amri hiyo hiyo kama ningepokea maelfu ya picha kwa siku. Ila tusidanganyane kwamba JPEG haijahaririwa.

Kwenye kompyuta sheria ni chache. Rekebisha mwangaza na uwiano wa rangi nyeupe, nyoosha upeo, kata kingo, futa vumbi la kihisio. Usiongeze, usiondoe, usiunganishe. Brian Walski wa Los Angeles Times aliunganisha fremu mbili za Basra mwaka 2003 akafukuzwa kazi. Mwaka 2006 Adnan Hajj alinakili moshi juu ya Beirut ili uonekane mzito, na Reuters ikaondoa picha zake zote 920.

Linalonisumbua ni mashindano ya kimataifa ya picha za habari ya World Press Photo ya 2010. Stepan Rudik alivuliwa tuzo kwa sababu alifuta kipande kidogo cha mguu wa mtu aliyekuwa nyuma. Kabla ya hapo, kutoka kwenye fremu pana yenye watu wengi, alikuwa amekata hadi ukabaki mkono unaofungwa bendeji, akaigeuza nyeusi na nyeupe, akaitia chembechembe kama za filamu. Hayo yote hayakumponza. Kwa sheria uamuzi ulikuwa sahihi, nami ningeutoa. Lakini nimeziweka picha hizo mbili pamoja mara nyingi na bado siwezi kusema kwa moyo mmoja kwamba kile kipande cha mguu kilibadilisha ukweli kuliko yote yaliyokatwa. Tumechora mstari pale panapopimika, na sina hakika kwamba ndipo uongo unapoanzia. Kwenye kutia giza sehemu za picha vilevile: kuna mawingu niliyoyaruhusu ambayo leo ningeyakataa.

Halafu maelezo ya picha, ambayo wengi huyaandika wakiwa tayari wamechoka. Mwaka 2015 World Press Photo ilimnyang'anya Giovanni Troilo tuzo ya mfululizo wake kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji, kwa sababu picha mojawapo ilipigwa Molenbeek, Brussels. Mstari mmoja wa maandishi ulitosha.

Kijana wa jana alikuwa amesimama mbali na kupiga kwa lenzi ndefu ya milimita 200, na maelezo yake yalisema "msongamano". Nilimuuliza kama alipita pembeni ya foleni. Alikuwa nazo fremu tatu za lenzi pana, hakuzileta kwa kuwa aliziona hazina nguvu. Katika ya pili, kati ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mzee anayemfuata, angeweza kupita mtu anayekokota baiskeli. Mzee amekalia tofali, kofia mkononi, anatazama mlango uliofungwa. Tumetumia hiyo, na neno "msongamano" tumelitoa.