Kikombe cha Jibini Kina Gramu Ngapi?

Swali hili humjia kila anayetaka kupika makaroni ya jibini au piza kwa maelekezo ya Wamarekani. Wao hupima kwa vikombe, na dukani kwetu jibini inauzwa kwa gramu. Majibu mengi yanayosambaa yanapotosha, na jibini ni ghali mno kuharibiwa kwa hesabu mbovu.

Dhana: Kikombe kimoja ni gramu 250, jibini iwe yoyote.

Hiyo ni hesabu ya maji. Kikombe cha kupimia cha Kimarekani huingia mililita 240 hivi, na maji yake yana uzito wa gramu zizo hizo. Cheddar, jibini ngumu ya kipande, ikikwaruzwa haikai hivyo. Nyuzi zake hulaliana ovyo na kuacha hewa katikati, kwa hiyo kikombe kilichojaa huwa na gramu 113 hivi tu. Ukitaka kuhakikisha, iyeyushe: kile kikombe kilichojaa pomoni kitashuka hadi chini ya nusu.

Anayetia gramu 250 mahali pa kikombe kimoja ameweka zaidi ya maradufu. Sosi inakuwa nzito, inavutika kama gundi, mafuta yanajitenga na kuelea juu. Yamenikuta, na maziwa niliyoongeza hayakuiokoa.

Jibini laini ina hesabu yake. Ile ya krimu, ya kupaka mkate au kuokea keki ya jibini, haina hewa ndani: kikombe ni gramu 225 hadi 230. Ricotta hufika 245 hivi. Feta iliyovunjwavunjwa iko katikati, karibu 150.

Dhana: Aunsi 8 ni kikombe kimoja.

Aunsi ziko mbili. Ya ujazo ni ya vimiminika, na 8 kati ya hizo kweli hujaza kikombe cha maziwa. Ya uzito ni gramu 28.35, na ndiyo inayoandikwa kwenye pakiti ya jibini. Pakiti ya cheddar ya aunsi 8, yaani gramu 227, ukiikwaruza inatoa vikombe viwili. Ila pakiti ya jibini ya krimu ya uzito huohuo hujaza kikombe kimoja karibu sawasawa, na nadhani ndiyo maana dhana hii haifi.

Dhana: Tundu za kikwaruzo hazibadilishi kitu.

Zinabadilisha sana. Kwaruza Parmesan, jibini ngumu kavu, kwa kikwaruzo chenye meno madogo kabisa uone inavyofumuka kama pamba. Kipande kilekile kinaweza kujaza karibu maradufu ya kile ambacho kingejaza kikiwa ungaunga. Hapo uamini gramu, si kikombe.

Dhana: Lazima ushindilie.

Hapana. Maelekezo yasiposema, mimina tu na usikandamize.

Dhana: Bila mizani huwezi kupata kipimo.

Uzito umeandikwa kwenye karatasi ya jibini, na kisu unacho. Chukua kipande cha cheddar cha gramu 250, ukikate katikati: kila nusu ni gramu 125. Kwenye nusu moja punguza ubavuni kipande chembamba, sehemu moja ya kumi hivi. Kilichobaki kikwaruze kwa tundu kubwa, zile za kukwaruzia karoti; hicho ndicho kikombe chako.