Wanawake walitawala Japani, na hawakuwa washika nafasi tu

Wengi huamini kwamba Japani imewazuia wanawake kurithi kiti cha enzi tangu zama za kale. Si kweli. Katazo hilo liliwekwa katika sheria ya mwaka 1889, likabakizwa katika ile ya 1947. Kabla ya hapo walitawala wanawake wanane, wawili kati yao mara mbili mbili. Suiko, wa kwanza katika orodha rasmi, alitawala hadi alipofariki mwaka 628.

Husemwa pia kwamba walishika nafasi tu, wakisubiri mtoto wa kiume akue. Hapo pana chembe ya ukweli: mwaka 697 Jitō alimwachia kiti mjukuu wake, Monmu. Lakini ni yeye aliyehamishia mji mkuu Fujiwara mwaka 694, na hata baada ya kung'atuka hakuyaacha madaraka. Genmei naye aliuhamishia Nara mwaka 710. Mwaka 715 akamrithisha binti yake, Genshō, ilhali mjukuu wake wa kiume alikuwepo. Mama kwa binti! Hata hivyo, baba yake Genshō alikuwa mwana wa mfalme, na wanawake wote wanane walitoka ukoo wa kifalme kwa upande wa baba. Mpaka wa kweli ulikuwa hapo.