Malaika Akishiba Bado Anadonoa

Wiki iliyopita mteja wangu wa Isamilo, hapa Mwanza, mwenye tangi la samaki na matumbawe ya baharini sebuleni, alinipigia simu saa moja asubuhi. "Fundi, tumbawe langu jekundu limegoma kufunguka. Taa nimebadilisha, maji nimepima, kila kitu kiko sawa." Nikamuuliza swali moja tu: yule samaki malaika bado unaye? Akasema yupo, tena amenenepa, anamlisha mara tatu kwa siku, kwa hiyo hawezi kuwa yeye. Jibu hilo nimeshalisikia mara nyingi mno. Kila ninapolisikia najua kuna tumbawe linakufa polepole kwenye sebule ya mtu.

Nazungumzia malaika wa baharini, ukoo wa Pomacanthidae, wale ambao watu wa pwani huwaita kitatange. Yule mwembamba mwenye mapezi marefu anayeuzwa kwa ajili ya matangi ya maji baridi ni Pterophyllum wa mto Amazon. Huyo ni wa ukoo mmoja na sato na furu wa ziwani kwetu, na hawa wa baharini wanachangia naye jina tu. Niliwahi kuulizwa kama anaweza kuzoeshwa maji ya chumvi kidogo kidogo. Hawezi. Atakufa.

Sasa nirudi Isamilo. "Mlishe vizuri, akishiba hagusi matumbawe." Dhana hii inanichosha kuliko zote, kwa sababu wanaoiamini ni watu wanaojali kweli. Wananunua chakula kizuri, wanaamka mapema kulisha, na bado wanapoteza matumbawe waliyoyalea miaka miwili.

Kosa ni kumfikiria malaika kama sangara, anayemeza windo kubwa kisha akatulia. Malaika ni mbuzi. Mchukue mbuzi aliyeshiba, mpitishe kando ya shamba la mahindi, uone kama hatanyofoa jani. Njaa haimo kabisa hapo. Ameumbwa kula kidogo kidogo tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Meno yake ni membamba na mengi, yamepangana kama nywele za brashi, meno ya kukwangua. Kwenye mwamba wa bahari anakwangua sifongo, mwani, wanyama laini walioganda kwenye mawe, na ute wa matumbawe. Kule ana eneo kubwa la kuzungukia, kwa hiyo tumbawe moja linaweza kudonolewa kisha likaachwa lipumzike. Ndani ya tangi la lita 400 hana pa kwenda. Anarudi palepale hadi taa zinapozimwa.

Jioni ile nilikwenda. Nikazima taa ya sebule, nikavuta kiti, nikakaa mita mbili kutoka kwenye kioo. Umbali huo ni muhimu, maana malaika akimwona mwenye nyumba anakimbilia kioo kuomba chakula na hafanyi jambo lingine lolote. Ndiyo sababu wenye matangi hawamfumanii. Dakika kumi za kwanza hakukuwa na kitu. Kisha akaja kwa ubavu, akasimama juu ya tumbawe lile, akainamisha kichwa kama mtu anayesoma maandishi madogo, akadonoa mara moja, akaondoka. Nyama ya tumbawe ikajikunja. Baada ya kitambo ikaanza kutuna tena, naye akarudi. Nilihesabu mara 11 ndani ya nusu saa, na hapo alikuwa ametoka kula uduvi na mwani mkavu. Kwenye ukingo wa tumbawe kulikuwa na kidoa cheupe, ukubwa wa punje ya mchele: mfupa uliobaki wazi.

Mwenye tangi aliniambia kidoa kile ni kidogo mno kuua. Ni kweli, kidoa hakiui. Kinachoua ni kufunga. Tumbawe linaishi kwa mwani wa hadubini uliomo ndani ya nyama yake, na mwani huo hautengenezi chakula bila mwanga. Polipi, yaani kiumbe hai cha tumbawe chenye mdomo na minyiri, ikijikunja inajinyima mwanga, na minyiri iliyorudi ndani haikamati kitu. Linalodonolewa mchana kutwa linajifunga mchana kutwa, likafa njaa chini ya taa ya bei mbaya huku vipimo vyote vya maji vikiwa vizuri. Ndiyo maana watu hubadilisha taa, wakabadilisha chumvi, wakabadilisha hata fundi, na hali ikabaki ileile.

Yenye nyama nene ndiyo hutangulia kuumia: Trachyphyllia, Lobophyllia, Micromussa, pamoja na zoantidi (jamaa wa matumbawe wasio na mfupa) na vazi, yaani nyama ya nje, la kombe wa jenasi Tridacna. Acropora ina nyama nyembamba sana juu ya mfupa, mara nyingi hupona. Matumbawe laini kama Sarcophyton na Sinularia yana kemikali zinazowakera walaji, malaika wengi huyapita. Wengi, si wote.

"Lakini fundi, miezi minne hakugusa kitu." Sisi watu wa Mwanza ndio tusiopaswa kusema hivyo. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona tofauti kubwa. Katika miaka ya 1980 ndipo alipotapakaa, na furu wa Ghuba ya Mwanza wakapungua vibaya. Aina nyingi hazijaonekana tena. Ukimya wa mwanzo haukuwa dalili ya amani. Malaika mchanga anayezoea tangi geni, mwenye mdomo mdogo na woga mwingi, ana sababu zake za kutulia. Akishakuwa mwenyeji anaanza kuonja, na akionja tumbawe likamkubali, ladha hiyo haisahau.

Sisemi asilishwe. Alishwe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, apate mwani mkavu wa kukwangua na chakula kilichochanganywa na sifongo. Hiyo inapunguza kudonoa na inamjengea afya. Ila mtu asikuuzie chakula hicho kama dhamana ya matumbawe yako.

Wengine huniambia, basi nitachukua wale wa kimo kifupi, Centropyge. Ni wazuri mno, na mmoja wao, Centropyge acanthops, ni wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki: mgongo na kichwa vya rangi ya chungwa, mwili wa buluu, hazidi sentimita 8. Uharibifu wake ni mdogo kwa sababu mdomo ni mdogo, lakini hulka ni ileile, na kila samaki ana yake. Nimeweka wawili waliotoka mfuko mmoja katika nyumba mbili tofauti. Mmoja hajawahi kugusa tumbawe. Mwenzake alimaliza zoantidi zote kabla ya Krismasi. Anayekuambia spishi fulani ya Centropyge "ni salama" anakuuzia bahati nasibu.

Kama lazima uwe na malaika kati ya matumbawe yenye nyama, mimi nashauri Genicanthus, na nitaendelea kushauri hivyo hadi mnichoke. Hawa hula planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea katikati ya maji, hawana haja ya kukwangua mawe. Genicanthus caudovittatus anapatikana pwani ya Afrika Mashariki. Dume lina mistari mieusi ya wima kama pundamilia. Anafika sentimita 20, anataka nafasi ndefu ya kuogelea, na tangi liwe na wavu juu maana huruka. Habishani na tumbawe. Wateja humkataa kwa sababu hana buluu na manjano ya wale wengine, halafu baada ya mwaka wananipigia simu ya saa moja asubuhi.

Ukimtaka kweli yule mkubwa mwenye rangi zake, mpe tangi lake: mawe, mwani, samaki wenzake wenye nguvu, bila matumbawe ya nyama nene. Amua mapema tangi ni la nani.

Dhana nyingine: "Samaki hukua kulingana na tangi." Hapana, hudumaa kulingana na tangi, na kudumaa ni ugonjwa. Pomacanthus imperator unayemnunua ana sentimita 5 anakusudia kufika 40. Ukimbana kwenye lita 200 atachakaa: mapezi yatanyongea, vishimo vitatokea kichwani na kwenye mstari wa ubavuni, na ukali utaongezeka. Chini ya lita 800 mimi simweki, na nimeshawarudisha wateja waliokuja na pesa mkononi.

Huyohuyo imperator akiwa mtoto ni wa buluu iliyokoza, mwenye duara nyeupe zilizozungukana kama maji yaliyotupiwa jiwe. Akikua anapata mistari ya manjano. Katikati ya safari hiyo anaonekana kama nguo iliyochujuka, na ndipo watu huanza kumtia dawa. Haumwi. Wataalamu wa zamani nao walidanganyika, wakampa mtoto jina la spishi nyingine. Mwacheni abadilike.

Chumvi. Mtu ana ziwa mlangoni na chumvi ya mezani jikoni, anaona bahari imekamilika. Sodiamu na kloridi ni kama asilimia 85 ya chumvi za bahari. Kilichobaki ndicho kinachoshikilia uhai wa tumbawe: kalisi karibu miligramu 410 kwa lita, magnesi karibu 1,290, na vingine vingi. Chumvi ya mezani haina hayo. Tangi la lita 400 linahitaji takribani kilo 14 za chumvi maalumu ya matangi ya bahari, kufikia gramu 35 kwa lita, na hakuna njia ya mkato. Maji ya ziwa nayo yana virutubisho vya kutosha kuotesha mwani kila mahali. Angalia kijani kinachoelea ghubani siku za utulivu. Pitisha maji kwenye mashine ya RO, ile inayoyachuja kwa utando laini sana, kwanza, hata kama ni ya bomba.

Jambo moja hakuna mteja aliyewahi kuniuliza, nami ninalirudia kila nyumba. Vitabu vya matangi ya bahari huandikwa na watu walio usawa wa bahari. Sisi tuko zaidi ya mita 1,130 juu yake. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa asilimia 12 hivi, na oksijeni inayoweza kuyeyuka kwenye maji inapungua kwa kiasi hichohicho. Maji ya chumvi tayari hubeba oksijeni kidogo kuliko ya ziwa, na maji yakipata joto hubeba pungufu zaidi. Malaika mkubwa, tangi lililojaa, joto likapita digrii 28, umeme ukakatika usiku: asubuhi unakuta samaki wakubwa ndio waliotangulia kufa. Elekeza pampu zako juu ili uso wa maji utibuke, usitulie kama kioo. Na uwe na pampu ya hewa ya betri. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote sebuleni mwako na mimi humwona asiye nacho kama anayesafiri ziwani bila jaketi la kuokolea maisha.

"Nitaweka wawili wasijisikie wapweke." Watapigana hadi mmoja aishie kona ya juu nyuma ya bomba, mapezi yamechanika. Mkubwa mmoja kwa tangi, basi. Centropyge wanaweza kuishi wawili ikiwa mmoja ni mdogo wazi kuliko mwenzake, kwa kuwa wote huanza wakiwa majike na anayetawala hugeuka dume, wanaolingana hawakubaliani.

Dawa ya shaba kwa ugonjwa wa vidoa vyeupe: ndani ya tangi lenye matumbawe, hata nusu ya kipimo ni sumu. Itaua matumbawe, kamba na konokono, na mawe yatainyonya na kuitoa tena baadaye. Tangi la karantini, kila mara, kabla samaki hajaingia.

Mwisho ni hili: "Akianza kudonoa tutamtoa." Kwa nini asitolewe siku ya kwanza mtu hajui, lakini kila mmoja anaamini kumtoa ni kazi ya dakika tano. Isamilo tulianza saa tisa alasiri. Tuliondoa maji theluthi moja, tukatoa mawe moja baada ya jingine na kuyaweka kwenye beseni, na malaika akahamia kila pango lililobaki. Wavu sikuutumia, na wewe usiutumie. Malaika wote wana mwiba kwenye kifuniko cha shavu, ndio unaowatofautisha na samaki vipepeo, na mwiba huo ukinasa kwenye nyuzi utalazimika kuukata wavu huku samaki akijirarua. Nilizamisha jagi la plastiki la lita tano lenye mwani mkavu ndani, nikalilaza, nikafunga kamba kwenye mpini, tukakaa kimya. Mtoto wa nyumba ndiye aliyeniambia, "Shikamoo fundi, ameingia," kwa sauti ya chini sana. Ilikuwa saa tatu kasoro usiku.

Sasa yuko kwenye tangi la mawe matupu la mteja mwingine, Capri Point, anakwangua mwani kutwa nzima. Tumbawe lilianza kutuna siku ya tatu.