Njia ya maji nyuma ya Mahakama ya Moakley, Boston

Wageni wengi wanaotembea ufukwe wa Boston huipita Mahakama ya Moakley mbiombio, macho yakiwa kwenye jumba la sanaa za kisasa lililo mbele kidogo. Kazi yangu ni kupanga kingo za maji mijini, na mtu akiniuliza aanzie wapi Boston, namwambia aanzie hapo mahakamani.

Ukitoka kituo cha Courthouse, usikimbilie mlangoni. Zunguka kwanza mpaka upande wa bandari. Upande wa barabara ni matofali mekundu matupu, mazito, ya kiserikali hasa, sijawahi kuupenda. Upande wa maji ni habari nyingine: ukuta mkubwa wa kioo uliojipinda, kimo chake karibu mita 27, na mbele yake bustani iliyosanifiwa na Laurie Olin ikishuka kukutana na njia ya waendao kwa miguu. Nyuma ya kioo hicho zimepangwa roshani za ndani, ghorofa juu ya ghorofa, na humo ndimo watu wanamopita kwenda kwenye vyumba vya kesi. Anayesubiri kuitwa anaiona bandari yote, nawe uliye chini unamwona yeye.

Yalikusudiwa hayo. Msanifu alikuwa Henry Cobb, na majaji wawili, Stephen Breyer na Douglas Woodlock, walimfuata hatua kwa hatua wakitaka mahakama ya shirikisho isiyomfungia mwananchi mlango. Breyer aliteuliwa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1994 kabla jengo halijakamilika. Lilikuja kukamilika 1998.

Sasa tazama unapokanyaga. Hapa palikuwa bahari. Pakafukiwa karne ya 19, pakatandazwa reli za mizigo, na baadaye pakabaki viwanja vya kuegesha magari kwa miaka mingi. Kwa nini basi ukingo haukumezwa na wenye majengo? Jibu ni la zamani sana. Katika miaka ya 1640 walowezi wa Massachusetts waliruhusu mwenye shamba la pwani amiliki mpaka maji yanapokupwa, lakini umma ukabakiziwa haki ya kuvua samaki, kuwinda ndege na kupita na vyombo katika eneo hilo. Mwaka 1866 jimbo likatunga sheria ya kusimamia ujenzi wa ufukweni, ile inayoitwa Chapter 91 mpaka leo, na baadaye hata ardhi iliyofukiwa ikaingizwa humo. Ndiyo maana jengo la binafsi likitaka kusimama ukingoni, huwekewa sharti la kuwaachia watu njia. Vipande hivyo, tangu 1984, vimeunganishwa kuwa Harborwalk, yenye urefu wa kilomita 69 hivi. Kwa hiyo usitembee kama mgeni aliyekaribishwa. Una haki yako pale.

Maji yenyewe nayo yana deni kwa mahakama. Mpaka miaka ya 1980 bandari hii ilikuwa aibu: majitaka ya jiji yalimwagwa humo yakiwa yamesafishwa nusunusu, na tope lake likafuata. Mwaka 1985 Jaji David Mazzone wa mahakama ya shirikisho hapa Boston aliamua kwamba sheria ya maji safi imevunjwa, kisha akaisimamia kazi ya usafishaji kwa karibu miongo miwili. Umwagaji wa tope ulikoma 1991. Mwaka 2000 likafunguliwa handaki la kilomita 15 chini ya bahari, la kupeleka mbali maji yaliyosafishwa katika kituo cha Deer Island. Mazzone hakuiamulia kesi hiyo ndani ya jengo hili, maana lilikuwa halijajengwa. Hata hivyo, sijui ukumbi gani mwingine wa sheria unaotazamana hivi na kazi ya majaji wake.

Ukija siku ya kazi, ingia ndani. Kesi husikilizwa hadharani, nawe huhitaji kuwa na ndugu kizimbani. Beba kitambulisho, tarajia kupekuliwa, na usidhani utapiga picha katika chumba cha kesi. Ndani utakuta pia vibao vya rangi mojamoja vya Ellsworth Kelly, 21 kwa jumla. Mimi hupanda roshani ya juu na kutazama ndege zikitua Logan, ng'ambo ya maji.

Kwa saa, chagua alasiri, jua likielekea nyuma ya majengo marefu ya katikati ya jiji. Wakati wa baridi vaa vizuri kuliko unavyodhani, kwani upepo wa bandari hauna huruma.

Na kama unaweza, njoo siku za bamvua, maji yakijaa kabisa. Kupwa na kujaa hapa hutofautiana kwa takriban mita tatu siku za kawaida. Tarehe 4 Januari 2018 dhoruba ilifika maji yakiwa yamejaa kabisa, na maji yakavuka rekodi iliyowekwa mwaka 1978. Barabara za mtaa huu zikafurika. Tangu hapo mjadala wetu wapangaji ni namna ya kuinua ukingo. Ukuta mrefu ni rahisi kuchora, ila utamnyima mtembea kwa miguu bahari. Mimi naunga mkono kuinua njia yenyewe pamoja na bustani, hata kama kazi hiyo itachukua muda zaidi na kufunga vipande vya Harborwalk kwa misimu kadhaa.