Kuhitimu si kukatwa jina

Juzi nilikuwa Kibirizi, kwenye chanja za dagaa. Kijana mmoja akamtania mama aliyekuwa anaanua: "Bi mkubwa, si umehitimu TASAF? Tununulie soda basi." Mama akajibu bila kuinua uso: "Nimehitimishwa, mwanangu. Nilihamia kwa kijana wangu, kaya yangu ikafa."

Ni mara ya tatu mwezi huu nalisikia neno hilo, kuhitimu, likitupiwa mtu yeyote ambaye jina lake halisomwi tena kwenye orodha ya ruzuku.

Katika mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, kaya huhitimu inapotoka kwenye ruzuku kwa sababu tathmini imeonyesha uchumi wake umeimarika, inaweza kujimudu. Maana ni hiyo tu, haina fumbo.

Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, khatama: kutia muhuri, kufunga jambo lililokamilika. Barua haitiwi muhuri ikiwa nusu. Na sisi wa Ujiji tulilijua chuoni, kwenye Kurani, kabla ya kulikuta shuleni. Ukisikia mtoto wa fulani kahitimu, ujue kazimaliza juzuu zote 30, kwa ulimi wake mwenyewe, na mwalimu wake anamsikiliza. Aliyefika juzuu ya tano wazazi wakahamia Kasulu hakuhitimu. Kaacha. Wala hakuna aliyemcheka kwa hilo, ila hakuna pia aliyempikia pilau.

Ndugu za neno hili ni hatima, hitimisho, na ile hitima tunayomsomea marehemu. Nahisi hitima ndiyo inayowapoteza watu: wanausikia mwisho, hawausikii ukamilifu. Yule mama wa dagaa, kwa kusema "nimehitimishwa", alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko kijana. Anayehitimu ni mtendaji. Ukishamnyambulia kitenzi mpaka "-ishwa", tayari umekiri kwamba katendwa.

Wengine wanachanganya na habari za Marekani. Kule sheria ya 1996, aliyoitia saini Bill Clinton, iliwataka wapokeaji wa msaada waingie kazini, na kwa fedha za serikali kuu ikaweka ukomo wa miezi 60, ingawa majimbo yaliruhusiwa kuwasamehe baadhi. Kwa asiyesamehewa, miezi ikiisha imeisha, awe kapata kazi au bado anatafuta. Huo ni ukomo. Kilichofika mwisho ni kalenda.

Hata ajira za muda za hapa kwetu, zile siku 60 kwa mwaka za kuchimba mitaro na kutengeneza barabara, zikiisha mtu hajahitimu kitu. Kazi ya mwaka huo imekwisha, basi. Afadhali umwangalie yule aliyeweka akiba kwenye kikundi, akanunua mawese madumu mawili, leo anauza kwa jumla na ruzuku haihitaji. Huyo sina ubishi naye, mwiteni mhitimu.

Nilimwambia kijana, kwa upole, kwamba kwa bi mkubwa "umetoka" lingetosha. Ni neno dogo, halimsingizii mtu utajiri. Akasema sawa, mwalimu, lakini soda je?

Nikanunua mimi, tatu.