Pesa za klabu ya bendi si upatu

Mzazi aliyehamia Marekani hukutana na klabu ya wazazi pale mtoto anapojiunga na bendi, kwaya au maigizo shuleni. Bajeti ya shule haitoshi sare na nauli za mashindano, basi wazazi wanauza bisi na keki, wanaosha magari. Wanaozungumza Kiswahili hutuuliza sana: mama aliyeuza maboksi 40 ya bisi, kwa nini mwanawe asipunguziwe gharama zaidi kuliko mtoto wa aliyekaa nyumbani?

Swali lina msingi. Tumezoea upatu, ambao Wakongo huuita likelemba: ulichotia ndicho utakachotoa. Lakini klabu yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani katika sheria ya kodi ya Marekani, imesamehewa kodi kwa sharti kwamba fedha zinufaishe watoto wote wa kikundi. Mwaka 2013 Mahakama ya Kodi ya Marekani ilitoa hukumu juu ya Capital Gymnastics Booster Club ya Virginia, iliyowapa wazazi pointi kwa kadiri walivyouza, kisha zikakatwa kwenye gharama za watoto wao. Klabu ikapoteza msamaha. Ile ilikuwa ya mazoezi ya viungo, ila kanuni ni hiyohiyo kwa wapiga tarumbeta.

Faida yote iingie mfuko mmoja. Tuseme safari ni dola 6,000, watoto 30, na bisi zimeleta dola 2,400 baada ya gharama. Kila mtoto anapunguziwa 80, wazazi wake wanalipa 120 zilizobaki. Asiyeweza hata hizo asaidiwe kwa vigezo vya uhitaji vilivyoandikwa mapema, awe mzazi wake aliuza au hakuuza.

Klabu ambayo mapato yake ghafi kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka huwasilisha kwa mamlaka ya kodi ya Marekani (IRS) fomu fupi ya 990-N mtandaoni, bila malipo, kufikia tarehe 15 ya mwezi wa tano kuhesabu tangu mwaka wa fedha kufungwa. Ikikosekana miaka 3 mfululizo, msamaha unafutika wenyewe. Mara nyingi chanzo ni kidogo mno: mtoto wa mweka hazina amehitimu, mzazi ameondoka na nywila. Nywila hiyo iandikeni kwenye daftari la makabidhiano.

Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili palepale mezani, wote watie saini. Taarifa ya benki kila mwezi isomwe na mzazi asiyesaini hundi. Na malipo ya simu yaingie moja kwa moja akaunti ya klabu, iliyofunguliwa kwa namba ya mlipakodi ya klabu yenyewe. Yakipitia simu ya mweka hazina, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, hatakuwa na namna ya kuthibitisha ipi ni yake na ipi ni ya watoto.