Masika yasikukute na arosto

Katika mafunzo tunayotoa mitaani kabla ya mvua huwa tunawagawia watu vikaratasi na kuwauliza swali moja: maji yameingia ndani usiku, una dakika 10 za kutoka, utabeba nini? Majibu hufanana. Vitambulisho, simu, pesa, nguo za mtoto, dawa za presha za mama, tochi. Msimu mmoja, katika mtaa wa bondeni jijini Dar es Salaam, mzee aliyekaa karibu na mlango aliandika neno moja tu: kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni. Liliposomwa, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee hakucheka. "Chekeni tu," alisema. "Mie bila hiyo hata wajukuu sitaweza kuwatafuta."

Jibu lile lilinitia aibu kidogo. Tunafundisha juu ya maji ya akiba, filimbi, redio ya betri na njia ya kukimbilia, lakini hatumwulizi mtu kama mwili wake unadai kitu kila baada ya saa chache. Mzee aliujua udhaifu wake kuliko sisi wataalamu tulivyoujua.

Vijiweni deni hilo huitwa arosto. Neno lenyewe tunalisikia zaidi kwa watumiaji wa unga, yaani heroini, ila hali haichagui. Ubongo uliozoea kuletewa nikotini, pombe au heroini hujipanga kuendana na kile unacholetewa. Kikikatika ghafla, mwili mzima huyumba: jasho, kutetemeka, usingizi kupaa, hasira zisizo na sababu. Kwa mvuta sigara na mla kuberi, adha huanza ndani ya saa chache na hukolea siku ya pili na ya tatu. Mtu wa unga huanza kuumwa kati ya saa 8 na 24 tangu alipotumia mara ya mwisho, na siku mbili tatu zinazofuata ndizo mbaya zaidi. Hata mnywaji wa kahawa, kichwa humgonga baada ya saa 12 hadi 24. Mlevi wa kila siku ana ratiba yake, nayo ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, nitaifikia.

Sasa iweke ratiba hiyo kando ya ratiba ya maafa. Ushauri unaotolewa katika nchi nyingi ni kwamba kila kaya iwe tayari kujitegemea kwa saa 72 za kwanza, kwa sababu barabara huwa zimekatika, umeme umezimwa na waokoaji wako kwa waliofukiwa. Saa 72 ni siku tatu. Siku ambazo unatakiwa uwe na akili iliyotulia kuliko siku nyingine yoyote ndizo hizohizo arosto inapokuwa kali.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili asubuhi na mapema, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomokea mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Walionusurika wengi walihifadhiwa shuleni. Katika hali kama ile mtu hupoteza nyumba, na kibanda alichokuwa akinunulia sigara nacho kimesombwa. Atalala darasani na watu 40 asiowajua, watoto wanalia, chakula ni cha foleni. Nimefanya kazi kwenye kambi za namna hiyo na nimeona kinachotokea: baba anayegombana na kila mtu kumbe anahitaji sigara, kijana anayebadilisha unga wa msaada kwa gongo, mtu anayetoroka usiku kuvuka mto uliojaa kwa sababu ng'ambo kuna duka. Huyo wa mwisho tulimwokoa kwa kamba. Hakuwa mjinga, alikuwa na arosto.

Tatizo jingine ni kwa wahudumu. Mlevi aliyekosa pombe anayetetemeka na kuweweseka hudhaniwa ana malaria iliyopanda kichwani, au ndugu zake husema amepandisha mashetani. Mtu aliyeangukiwa na tofali akilalamika kichwa, daktari anapaswa kujua kama ni mshtuko wa ubongo au ni kahawa aliyoikosa tangu jana. Katika zahanati yenye foleni ya majeruhi, kubahatisha huko kunagharimu.

Anayedhani haya ni mambo ya watu wachache akumbuke mwaka 2020. Afrika Kusini ilipofunga shughuli tarehe 27 Machi kwa sababu ya korona, ilipiga marufuku kuuza pombe na tumbaku. Kwa upande mmoja wodi za majeruhi zilipungua wagonjwa, jambo ambalo madaktari wa kule walilisema waziwazi. Kwa upande mwingine, marufuku ya tumbaku iliyodumu hadi katikati ya Agosti haikuwamaliza wavutaji. Sigara za magendo zilipatikana kwa bei ya kuruka, na watu wakanunua mananasi kwa wingi ili wapike pombe nyumbani. Katika jimbo la Kerala, India, maduka ya pombe yalipofungwa ghafla ziliripotiwa habari za walevi kujiua, hata serikali ya jimbo ikataka kuruhusu pombe kwa cheti cha daktari. Mahakama Kuu ikaizuia. Unaweza kuibishia mahakama au serikali, lakini funzo kwa mwananchi ni jepesi: janga halikupi nafasi ya kuchagua tarehe ya kuacha.

Ndiyo maana nawaambia watu waichague sasa.

Nianze na pombe, kwa kuwa hapa ushauri wa kawaida wa "acha leo" unaweza kuua. Anayekunywa bia mbili Jumamosi anaweza kuacha bila daktari. Lakini anayekunywa kila siku, tena asubuhi akiamka mikono inatetemeka mpaka apate kidogo, asiache ghafla peke yake nyumbani. Kwake mtetemo na jasho huanza saa 6 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Degedege laweza kuja ndani ya siku mbili. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine hupatwa na kuweweseka kukali, huona wadudu ukutani, homa hupanda, moyo hukimbia, na bila matibabu wapo wanaokufa. Hospitalini kuna dawa za kumshusha taratibu na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Onyo hilohilo linamhusu aliyezoea kumeza diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kwa muda mrefu. Kama nyumbani kwenu yupo mtu wa namna hii, mpelekeni kabla ya mvua, siku ambayo daladala zinapita na daktari yupo. Siku ya mafuriko hakuna atakayempeleka. Na wengi wakikosa bia hugeukia chochote. Pombe ya kienyeji iliyochanganywa methanoli hupofusha macho na huua, na biashara hiyo hustawi pale bidhaa halali zinapoadimika.

Sigara ni rahisi zaidi kuipangia kalenda. Ndani ya saa 12 tangu uache, kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, hushuka hadi kiwango cha kawaida. Kati ya wiki 2 na 12 mzunguko wa damu na kazi ya mapafu huanza kuimarika. Kikohozi na kuishiwa pumzi hupungua kati ya mwezi wa kwanza na wa tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri pia mtu aache wiki 4 hivi kabla ya upasuaji, maana kidonda cha mvutaji hupona kwa shida. Nani anajua lini ataangukiwa na ukuta? Masika kwa Pwani huanza Machi. Anayezima sigara yake ya mwisho mwanzoni mwa Januari atakuwa na mapafu tofauti siku atakapolazimika kupanda kilima cha jirani akiwa na mtoto mgongoni. Anayesubiri mawingu yatande atakuwa anapanda huku arosto inapanda naye.

Na tusijidanganye kwamba hatuwezi. Kila Ramadhani, kuanzia Tanga hadi Kilwa na kote Unguja, wavutaji hukaa kiasi cha saa 13 kwa siku bila moshi, mwezi mzima. Wanaoumwa kichwa siku za kwanza za mfungo mara nyingi husingizia njaa. Mimi humshuku zaidi kahawa na chai ya rangi. Bahati mbaya, adhana ya magharibi ikisikika, wengine huwahi sigara kabla ya tende. Lakini wameshajionyesha wenyewe kuwa wanaweza kufanya kazi, kuendesha gari na kuuza duka bila nikotini kutwa nzima. Kilichobaki ni usiku. Hamu kali hudumu dakika chache tu, kisha hupita hata kama hukuitimizia. Katika dakika hizo mtu anaweza kutafuna karafuu, kipande cha muhogo mbichi na nazi, kunywa maji, au kuondoka kijiweni. Kubadili kijiwe, kusema kweli, kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Wenye uwezo waulize duka la dawa kuhusu bandiko la ngozini au ubani wa kutafuna wenye nikotini.

Kwa ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya, ambako mirungi ni halali (Tanzania ni kosa la jinai), hesabu ni ngumu kidogo. Jani hupoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi tangu lichumwe, ndiyo maana husafirishwa mbio likiwa limefungwa kwa majani ya mgomba. Mafuriko ya mwaka 2023 yalipokata barabara ya Garissa kila mtu aliona jinsi mji unavyoweza kutengwa. Mirungi haiwekwi akiba kama unga wa sembe. Mtafunaji aliyekatikiwa ghafla hulala sana, hunywea moyo na huota ndoto mbaya, yaani si mtu wa kupewa zamu ya kulinda mto usiku.

Pesa sitaisemea sana. Anayetumia shilingi 3,000 kwa siku kwa sigara na bia moja ametumia 1,095,000 kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya chumba kwingine baada ya chako kuzama. Kubeti nako ni uraibu, na kuna hasara isiyotajwa: simu yenye chaji asilimia 6 usiku wa mafuriko, kwa sababu mwenyewe alikuwa anafuatilia mkeka.

Wapo wasioweza kumaliza safari kabla ya mvua, hasa watumiaji wa heroini, na hao tusiwaombe miujiza. Tanzania ilifungua kliniki ya kwanza ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini na kuzuia arosto, Muhimbili mwaka 2011, na sasa zipo katika mikoa kadhaa; matibabu ni bure. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigwa bila malipo kwa anayetafuta pa kuanzia. Kwa kawaida mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, na hapo ndipo maafa yanapomwuma: daraja likikatika, dozi imekatika. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwezi Agosti 2005, kliniki zilifungwa na wagonjwa wakatawanyika miji mingine, ambako wauguzi hawakujua wampe nani kiasi gani. Ukikisia chini, mtu anaumwa. Ukikisia juu, anaacha kupumua. Na aliyekaa siku kadhaa bila kutumia kisha akarudia unga kwa kipimo chake cha zamani yuko katika hatari hiyohiyo, maana mwili umeshausahau.

Kwa hiyo kama uko kwenye methadoni, mwombe muuguzi wako leo akuandikie karatasi: jina la kliniki, kiasi cha dozi, tarehe ya mwisho kunywa, dawa nyingine unazotumia kama za kifua kikuu au za kufubaza virusi, na namba ya simu ya kliniki. Muulize pia kliniki ya pili iliyo karibu ni ipi, na njia ya kufika huko isiyopita bondeni. Ifunge kwenye kifuko kisichopitisha maji, uitie begi moja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.